Stuli yako inayumba

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kwa nini stuli yako ya chuma inayumba ilhali miguu yote minne uliikata sawa, sentimita 45, ukaipima tena kabla ya kuchomelea. Naamini ulipima. Kosa halimo kwenye futi.

Chuma kikipata moto hutanuka, kikipoa hunywea, na kikinywea huvuta. Nadhani kona ya kwanza uliichomelea ukaimaliza kabisa, ndipo ukahamia ya pili. Kona ile ilipopoa iliuvuta mguu upande wake. Pale juu huoni kitu. Chini, sentimita 45 mbali, mguu umeshahama.

Safari hii shika kila kiungo kwa nukta ndogo tu za kuchomelea mpaka fremu nzima isimame. Kisha pima kona kwa kona, ulalo huu na ule. Vipimo hivyo viwili visipolingana, nukta hukatwa bila kuharibu bomba, unanyoosha, unashika tena. Vikilingana ndipo uchomelee: kipande kifupi hapa, kisha ruka kona ya mkabala, ile ya kwanza ipoe. Mimi wakati najifunza niliharibu meza nzima kwa haraka ya kumaliza upande mmoja. Nilisimama nikiisikia ikialika taratibu inavyopoa, na kila mlio uliinua mguu mmoja sakafuni.

Kabla ya yote hayo, itengeneze kwanza kwa vipande vya mbao, ukubwa wake kamili, uikalie. Mchoro haukaliwi.

Mwalimu wako anayekuambia upunguze viungo, msikilize. Marcel Breuer, mbunifu wa samani, mwaka 1925 kule Dessau, Ujerumani, alianza kutengeneza viti vya mabomba ya chuma yaliyokunjwa, wazo alilolipata kwenye usukani wa baiskeli. Palipokunjwa hapahitaji kuchomelewa. Ukikunja, jaza bomba mchanga ili lisibonyee, na mchanga huo uwe mkavu kabisa: wenye unyevu ukipashwa moto hutoa mvuke, na bomba lililozibwa ncha zote mbili linaweza kupasuka usoni pako. Hili nakuomba sana.

Na yale mabomba uliyopewa bure, yenye rangi ya fedha kama bati jipya, yaache. Yamepakwa zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi mweupe, na ukiuvuta utalala na homa na baridi ya mifupa.

Ukishashika fremu mpya, niandikie vipimo viwili vya ulalo kabla hujachomelea.

Mama yako