Alamu ya pikipiki: haili betri kama inavyosemwa, lakini waya zake zinataka umakini

Mwenzetu wa Uyole ameuliza kama anaweza kuifungia Boxer yake alamu ya dukani yeye mwenyewe, na kama ni kweli kwamba alamu humaliza betri. Kazi hii naifanya hapa Mbeya, hivyo namjibu kwa yale ninayokutana nayo.

Alamu isiyo na hitilafu ikiwa imewekwa tu, inasubiri, hula miliampea chache. Tukichukua kwa mfano miliampea 10, kwa siku ni ampea-saa 0.24, maana yake betri ya ampea-saa 5 iliyojaa ingechukua takriban siku 20 kuisha. Pikipiki inayotembea kila siku haiathiriki. Ya kuangaliwa ni ile inayolazwa wiki kadhaa, au yenye betri iliyochoka, hasa Juni na Julai ambapo baridi yetu huipunguzia betri nguvu.

Waya wa chanya uchukue kwenye betri kupitia fyuzi yake yenyewe, na fyuzi hiyo ikae karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka na kugusa fremu, fyuzi ikatike kabla waya haujaanza kuungua chini ya tangi. Usiziamini rangi za waya, kwa sababu kila kiwanda kina zake; pima kwa mita.

Sehemu inayowasumbua wengi ni alamu kuizuia injini isiwashwe na mwizi. Chomoa soketi ya swichi ya funguo, kisha piga kiki. Injini ikiwaka hivyo hivyo, pikipiki yako ni ya aina ambayo swichi huizima kwa kuupeleka waya wa CDI (kifaa kinachoongoza cheche ya plagi) kwenye hasi, kwa hiyo alamu inayokata umeme wa betri peke yake haitamzuia mwizi hata kidogo. Hapo inahitajika relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, itakayougusisha waya huo na hasi alamu inapolia, na kamwe usiupelekee umeme wa volti 12, kwani unaweza kuua CDI. Injini isipowaka, kukata umeme unaokwenda kwenye CDI kunatosha.

Waya wa kuwashia injini kwa rimoti nakushauri uuache, uuzibe vizuri kwa tepu. Pikipiki iliyoegeshwa ikiwa ndani ya gia inaweza kuruka mbele stata inapozunguka, na mtoto akawa amesimama pale.

Kuhusu mtikisiko, ukiegesha Mwanjelwa kando ya barabara kuu, malori yanayokwenda Tunduma yataiamsha alamu mchana kutwa, na king'ora kinacholia ovyo hakuna anayekigeukia tena. Punguza wepesi wake wa kuhisi hadi lori likipita inyamaze, lakini ukiinua stendi ilie. Bado mnyororo unahitajika, kwa sababu watu wawili wanaweza kuibeba pikipiki huku inalia.

Kisanduku cha alamu kikae chini ya siti, waya zake zikitokea upande wa chini ili maji ya mvua yasiingie, na mdomo wa king'ora uelekee chini. Maungio yachomwe kwa risasi. Ya kusokota na kufunga tepu hulegea haraka kwenye barabara zetu za vumbi. Kabla hujarudisha siti, zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto injini ikiwa inawaka, uhakikishe hakuna waya unaovutika wala kubanwa shingoni mwa fremu.