Shangazi, mume wangu amestaafu na sasa sina pa kupumulia

*Shangazi, shikamoo.*

*Nina miaka 57, naishi Kihonda, Morogoro. Ni fundi cherehani, nashona sare za shule na nguo za akina mama hapo hapo nyumbani, barazani. Mume wangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, amestaafu mwaka jana alipotimiza miaka 60. Tuna miaka 33 ya ndoa na watoto watatu, wote wanajitegemea. Miaka mingi alikuwa akihamishwa, mara Malinyi, mara Kilosa, mara Gairo, mimi nikibaki na watoto.*

*Tangu astaafu hatoki. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, ananyoosha shati, anavaa viatu, halafu anakuja kukaa barazani pale ninaposhonea. Ananiuliza kwa nini nimetia nyanya nne kwenye mchicha. Amenunua kauntabuku, anaandika mkaa, sukari, hata vocha yangu ya simu. Wateja wanaona haya kupimwa yeye akiwapo. Juzi kikoba kilikuwa zamu ya kwangu, akaja kukaa katikati yetu, akamsahihisha mweka hazina hesabu mbele ya watu. Wenzangu wamesema zamu yangu ikifika tutakutania kwingine.*

*Ana mazuri yake, sikatai. Umeme ulipokatika wiki ile tulikaa nje hadi saa nne usiku, akanihadithia mambo ya Malinyi nikacheka mpaka mbavu zikauma. Kulipokucha yakawa yale yale. Siku nyingine nikiamka usiku namkuta amekaa sebuleni gizani. Pensheni yake sijui ni shilingi ngapi, hajaniambia na mimi naogopa kuuliza. Kijana wetu wa Dodoma anataka tumpeleke kwake miezi sita akapumzike. Mimi nikienda sokoni napitia kwa jirani ili nichelewe kurudi. Nakosea kutamani aondoke kidogo?*

*Mama wa Kihonda*

Marahaba, mdogo wangu. Hukosei. Umeendesha kazi yako na nyumba yako miaka yote bila kusimamiwa na mtu, na sasa kila ukiinua mkasi kuna anayekutazama. Yeyote angekosa pumzi. Hapo acha kujilaumu, maana kuna mengine mazito zaidi katika barua yako.

Miaka 33 ya ndoa ni mingi, lakini ukitoa Malinyi, Kilosa na Gairo, ukatoa na ile ya hapo mjini aliyokuwa akitoka alfajiri na kurudi giza likiingia, hujawahi kukaa na mume wako mchana kutwa, siku baada ya siku. Wewe ndiye uliyejua mkaa utaisha lini, nani anadaiwa ada, mtoto gani amelala na homa. Yeye alikuja na mshahara, akala, akaheshimiwa, akaondoka. Mlipendana hivyo na ndoa ikasimama. Sasa ndiyo mnaanza kuishi pamoja, kila mmoja akiwa na mazoea yaliyokomaa, na hakuna aliyewafundisha. Watumishi huandaliwa semina za kustaafu, wakaelezwa fomu na mafao. Mke hapewi semina yoyote. Na wewe hujastaafu, mdogo wangu. Cherehani yako inazunguka kama ilivyozunguka mwaka juzi. Amestaafu yeye, na nadhani nyote wawili mmelisahau hilo.

Hilo shati lililonyooshwa limenigusa. Huyu mtu kwa miongo mitatu na zaidi alikuwa akiingia darasani watoto wanasimama. Kengele iligongwa kwa amri yake. Mzazi akitaka barua ya uhamisho alimsubiri nje ya ofisi. Leo mtaani bado wanamwita Mwalimu, ila hakuna anayemletea daftari la mahudhurio. Marafiki zake walikuwa walimu wenzake, na ule urafiki ulikaa shuleni, haukuwahi kufika nyumbani kwenu. Wanaume wengi wa umri wake wako hivyo. Wewe una kikoba, una wateja, una jumuiya, una hata jirani wa kupitia ukitoka sokoni. Yeye ana wewe peke yako, ndiyo maana hakubanduki.

Lakini zile nyanya, mdogo wangu, zinatoka kwenye pensheni. Umeandika kwa mstari mmoja tu kwamba hujui analipwa kiasi gani na unaogopa kuuliza, kisha ukapita. Mimi nimesimama hapo, kwa sababu naamini ndipo ugomvi wote unapochipuka.

Unawasikia watumishi wakilalamikia kikokotoo, yaani ile kanuni ya kupigia hesabu ya mafao ya kustaafu. Mambo yenyewe ni haya. Zamani watumishi wa serikali kama yeye walilipwa mkupuo, yaani fedha za mara moja, wa asilimia 50 ya mafao yao. Kuanzia Julai 2022 ukashushwa hadi 33, kisha bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50. Kinachobaki hulipwa kila mwezi mpaka mwisho wa maisha. Ukiipiga ile hesabu, hata mwalimu aliyetumikia miaka 35, fungu lake la mwezi halifiki nusu ya mshahara aliouacha. Na mkupuo wenyewe, ninavyowajua wastaafu, unakuwa umeshagawanywa kabla haujaingia benki: deni, paa, shemeji mgonjwa, kijana anayetaka mtaji. Sijui wake umeishia wapi. Kinachoonekana kwenye barua yako ni mtu aliyezoea kuitwa kichwa cha nyumba, na sasa anakaa barazani kila siku akitazama cherehani ya mkewe ikiingiza fedha zinazonunua mkaa wa ile nyumba. Analijua hilo. Na wewe unalijua. Hakuna aliyelitamka, kwa hiyo anahesabu nyanya.

Basi usianze na kikoba wala wateja. Anza na fedha. Subiri jioni ambayo hakuna aliyenuna, mmeshakula, simu ziko mbali. Kaeni hapo nje mlipokaa siku ya umeme. Mwambie hivi, au kwa maneno yako yanayofanana na haya: "Baba watoto, naomba tuweke mezani vyote, vyangu na vyako. Mimi kwa mwezi nashona kiasi hiki, wenye madeni ni hawa, hisa zangu kikobani ni hizi." Tangulia wewe, usimwombe aonyeshe kwanza. Mtu aliyejisikia kupungukiwa hawezi kuanza kuonyesha upungufu wake, ila akiona mwenzake amejifunua naye atajifunua. Na ile kauntabuku iliyokuudhi iombe siku hiyo hiyo. Aandike humo mapato ya wote wawili na matumizi ya nyumba nzima. Anajua hesabu, na kazi hiyo nyumba yenu inaihitaji. Ila vocha yako na vitu vyako vidogo vidogo usivitolee taarifa, na mwambie hivyo waziwazi.

Akikuambia kiasi chake, hata kiwe kidogo namna gani, usishtuke wala usigune. Huo ndio wakati atakaokuwa anakutazama usoni.

Hilo likishapita ndipo mseme habari ya baraza. Hapo sina huruma sana na Mwalimu. Pale ni mahali pa kazi, na mwanamke anayekuja kupimwa kiuno na kifua hawezi kufanya hivyo mwanamume wa watu akiwa kiti cha tatu. Mweleze kwamba wateja wakikimbia, kauntabuku ndiyo itakayolia. Kubalianeni saa. Tuseme kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana baraza ni la cherehani, baada ya hapo ni lenu wote. Jikoni anayepika ndiye anayeamua nyanya. Akitaka kuamua, apike, na siku akipika na wewe usimwambie lolote kuhusu chumvi. Kikoba ni cha wanachama, na yeye si mwanachama. Hata kama mweka hazina alikosea kweli, alimvunjia mama wa watu heshima mbele ya wenzake, na ningependa amwombe radhi mwenyewe. Usimwombee wewe.

Watu watakushauri umtafutie mradi. Kuku wa kisasa, nguruwe, bodaboda, shamba la mbali la kusimamia kwa simu. Nakuomba usikimbilie huko. Nimesoma barua za kutosha za wastaafu waliotia mkupuo wote kwenye kitu wasichokijua, na mwaka haukuisha. Mwambie pia ajihadhari na wanaompigia wakijifanya ni wa mfuko wa pensheni, eti uhakiki haujakamilika, atume namba ya siri au fedha kidogo ya kufungua faili. Matapeli hao wanajua kabisa nani amestaafu lini. Akipigiwa, akate simu, aende ofisini kwao mwenyewe.

Anachohitaji zaidi ni watu, na hao sharti awatafute yeye. Ukimpangia kama mtoto atakataa hata lile ambalo angelipenda. Unachoweza kufanya ni kuuliza. Walimu wenzake waliostaafu hapo Morogoro wako wapi, na wanakutana? Mara ya mwisho alicheza bao lini? Mitaani kuna mabaraza ya wazee, lenu linakutana lini? Jumuiyani kwenu anahudhuria, au anasubiri kuitwa kama mgeni rasmi? Na kila mtaa una watoto wa darasa la tatu ambao kusoma bado kunawashinda. Akitaka kukaa na watatu au wanne jioni, huko kwake uani, atakuwa na wa kumwamkia tena. Lakini hilo litoke kinywani mwake. Wewe uliza tu, halafu nyamaza, umpe siku kadhaa.

Kuna jambo moja ambalo halingoji maongezi yoyote, nalo ni kule kukaa gizani. Inaweza kuwa mawazo ya fedha tu. Inaweza kuwa haja ndogo inamwamsha mara kwa mara na anaona aibu kusema, maana wanaume wa umri huo tezi dume huwasumbua na hukaa nayo kimya. Inaweza kuwa presha, inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa sonona, ambayo kwa wanaume hujificha nyuma ya ukali na ukimya. Nendeni hospitali wiki hii, wote wawili mpimwe, ili asijione yeye ndiye mgonjwa. Na siku utakayomsikia akisema hana faida tena, au ni heri asingekuwapo, usimchukulie kwamba anatania. Usimwache peke yake usiku huo, na asubuhi mpeleke kwa daktari.

Kuhusu kucheka: ule usiku wa umeme umeuandika haraka haraka, kama vile si sehemu ya shida yako, na kwa kweli si sehemu ya shida. Ndicho kitu ninachokuonea wivu mwema katika barua yote. Una mume ambaye bado ana hadithi hujazisikia, kwa sababu aliishi mbali miaka mingi, na wewe una zako za ile nyumba bila yeye, ambazo sidhani kama aliwahi kuuliza. Zimeni televisheni hata kama umeme upo. Mara moja kwa wiki inatosha. Mkiwa na saa zenu za kutengana mchana, mtakuwa na hamu ya kuketi pamoja usiku, na hutahitaji tena kupitia kwa jirani.

Kijana wako wa Dodoma mshukuru, ana nia njema, ila miezi sita ni mingi. Baba yake ametoka kupoteza shule, na akipelekwa Dodoma atakuwa amepoteza na nyumba, akakae kwenye sebule ya mkwewe akisubiri watu watoke kazini. Tena mkwe wako naye ana jiko lake na nyanya zake. Mwambie mwanao suala hili ni la wazazi wake na mnalishughulikia. Kama Mwalimu mwenyewe atataka kwenda kuwaona wajukuu wiki mbili, mfungie begi, mtafutieni tiketi ya kwenda na kurudi, na wewe katika hizo wiki mbili waite wenzako wa kikoba waje kwako.

Shangazi