Kabla hujachagua lugha, kakae mzanini

Mzani wa kwanza ulisoma kilo 52, wa pili kilo 48, na skrini ya kompyuta yangu ikaandika 05248. Mzee mwenye korosho akachungulia, akamwambia karani, "Andika hivyo hivyo, mwanangu, mashine imeshasema." Foleni nzima ikaangua kicheko. Mimi nilitamani kujificha nyuma ya magunia.

Ilikuwa Oktoba 2018, kwenye chama kimoja cha msingi cha ushirika wa wakulima wa korosho upande wa Tandahimba, wiki ya kwanza ya msimu. Mfumo ule wa kuandikia korosho za wakulima ulikuwa kazi yangu ya kwanza ya tovuti iliyolipwa. Nawaandikia wadogo zangu mnaoanza sasa, mlioko Mtwara na Lindi, kwa sababu swali mnaloniuliza kila tukikutana, "Kaka, nijenge kwa lugha gani?", mimi nililijibu kwa kutazama video za YouTube. Video zilisema JavaScript kila mahali: Node.js, inayoendesha JavaScript kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), na React, vipande vya kujengea kurasa kwenye kivinjari. Nikabeba vyote viwili bila kumuuliza karani hata swali moja.

Tuanze na zile kilo, maana zinaonyesha kwamba lugha za programu zina tabia kama watu. Chochote kinachojazwa kwenye fomu ya tovuti hufika kwenye programu kikiwa maandishi, hata kama wewe unakiona ni namba. Jumla yangu ilianzia sifuri. Katika JavaScript alama ya kujumlisha ina kazi mbili, kuongeza namba na kuunganisha maandishi, na ikikuta upande mmoja ni maandishi, inaunganisha. Basi 0, 52 na 48 vikashikana mikono vikawa 05248. PHP, lugha nyingine ya tovuti, ingepewa vitu hivyo hivyo ingetoa 100, kwa kuwa yenyewe huunganisha maandishi kwa nukta na alama ya kujumlisha imeiachia hesabu tu. Python, lugha ya tatu, ingegoma palepale: namba na maandishi haviongezeki, rekebisha kwanza. Mimi siku hizi nampenda huyo anayegoma. PHP hukustiri leo, na kesho hukuachia kosa ulitafute gizani. Hata hivyo, dawa ya JavaScript ilikuwa mstari mmoja wa kugeuza maandishi kuwa namba, nikauandika usiku uleule. Sikuharibu kazi kwa sababu ya kilo.

Niliharibu kwa uzito wa ukurasa. Kabla karani hajaona kitufe hata kimoja, kivinjari kilitakiwa kishushe megabaiti 3 za JavaScript. Nyumbani Shangani, mjini Mtwara, sikuona tatizo. Kule kijijini kompyuta ilipata intaneti kupitia simu ya karani, na juu ya simu ile palisoma E, yaani EDGE, mtandao wa zamani wa polepole. Pigeni hesabu wenyewe: megabaiti 3 ni megabiti 24; mtandao ukikupa kilobiti 100 kwa sekunde, hizo ni dakika nne nzima, bando linakwenda, na mtu amesimama juani na gunia lake. Tovuti ya PHP au ya Django (kiunzi cha Python) ingetengeneza ukurasa kwenye seva na kutuma maandishi matupu, kilobaiti chache, na foleni mbele ya karani ingesogea. Lugha ya seva ina kasi gani, hilo halikuwahi kumchelewesha mtu yeyote pale. Facebook ilianzishwa kwa PHP mwaka 2004, Wikipedia inaendeshwa kwa PHP mpaka leo, Instagram ilijengwa juu ya Python. Chama chenye wanachama mia chache hakiwezi kuichosha lugha yoyote kati ya hizo.

Jambo la pili ni pesa, na hili vijana hamliulizi kabisa. Mfumo wa Node.js ulihitaji seva ya kukodi ng'ambo, dola 5 kwa mwezi, inayolipwa kwa kadi. Chama hakina kadi. Chama kina kikao, muhtasari, hundi yenye saini mbili. Nikatumia kadi yangu. Ulipofika mwezi wa pili wa kukodi, kadi ikawa haina salio na seva ikazimwa, nami sina habari. Wakati huohuo kampuni za Dar es Salaam zilikuwa zinauza nafasi ya tovuti kwa mwaka mzima, kwa shilingi, kwa malipo ya simu, na risiti ya mhasibu unapata. Nafasi hizo za bei nafuu karibu zote zinakuja na PHP na hifadhidata ya MySQL tayari. Node.js na Python ukizikuta humo ni bahati, au uongeze hela. Kwa hiyo nenda kaulize kwanza mteja atalipaje na analipa nini, ndipo ufungue mjadala wa lugha. Nusu ya mjadala utakuwa umekwisha.

Kisha ikaja Novemba. Walioko kusini wanaikumbuka: Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, magari ya jeshi yakaingia maghalani, na kila mkulima akatakiwa kuhakikiwa ili korosho za kangomba, yaani za walanguzi, zisipite. Mfumo wangu ulikuwa na sehemu ya bei ya mnada, basi. Ilitakiwa bei moja isiyobadilika na safu mpya ya uhakiki, na ilitakiwa jana. Mimi nilikuwa Liwale kwenye msiba wa mjomba. Karani akapiga simu kwa mtu wa kompyuta aliyekuwa Newala, yule akafungua folda langu, akaona maelfu ya mafaili ya vifurushi vya programu vilivyoandikwa na watu asiowajua, akalifunga. Karani akarudi kwenye daftari la kaunta na kalamu ya bluu. Akamaliza msimu nalo, na hesabu zikalingana.

Ndiyo maana sasa swali langu la kwanza si lugha ipi nzuri. Nauliza: mimi nikiwa msibani, nani aliye karibu na mzani anaweza kusoma nilichoandika? Mwaka 2019 niliuandika mfumo upya kwa PHP, pamoja na dada mmoja aliyekuwa anasoma stashahada pale Mtwara mjini. Alijua PHP kwa sababu ndiyo aliyofundishwa darasani. Sababu ndogo, lakini ilishinda zote. Yeye ndiye anayeutunza sasa, mimi napigiwa simu mara moja moja.

Msidhani nawauzia PHP. Rasmus Lerdorf aliianza mwaka 1994 kama vijiprogramu vya ukurasa wake binafsi, na ujana huo bado unaonekana mwilini mwake. Ubaya wake mkubwa kwa mwanafunzi wa huku ni masomo ya zamani yanayozunguka kwenye flashi na WhatsApp. Mengi yanatumia mysql_query, amri ya zamani ya kuulizia hifadhidata, na familia hiyo yote iliondolewa kwenye PHP 7, Desemba 2015. Ukifuata somo hilo leo, tovuti haiwaki. Mbaya zaidi ni somo linalowaka. Linakufundisha kulichukua jina kwenye fomu na kulibandika katikati ya ombi la hifadhidata. Siku moja tulijaribu mfumo kwa majina ya kata za Lindi: Rasbura ikapita, Mingoyo ikapita, Ng'apa ikagoma. Ile alama ya juu kwenye ng' hifadhidata iliiona kama mwisho wa jina, na herufi zilizobaki ikajaribu kuzitekeleza kama amri. Sisi tulipata kosa tu. Mtu mwenye nia mbaya angeweka amri ya kweli hapo na kufuta majina yote. Andika ombi lenye alama za kuuliza mahali pa majina, kisha peleka majina peke yake kupitia PDO, njia ya PHP ya kuzungumza na hifadhidata. Lugha iwe yoyote, jaribuni kila fomu kwa jina lenye ng'. Wazungu wanajaribu kwa majina yao, sisi tunayo ya kutosha.

Kama mradi wako una hesabu za kitaalamu ndani yake, mfano mvua za miaka ishirini au picha za majani ya mkorosho yenye ugonjwa wa ubwiriunga, basi chukua Python bila kuzunguka, kwa sababu maktaba za kazi hizo, yaani programu zilizokwisha kuandikwa na wengine, ziko kwake. Django, kiunzi chake maarufu cha kujengea tovuti, kilizaliwa kwenye gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, na kikatolewa kwa watu wote mwaka 2005. Mpaka leo kina harufu ya chumba cha habari: ukishaeleza data zako kinakutengenezea chenyewe kurasa za kuingiza na kurekebisha, zenye nywila na kila kitu. Kazi ya wiki mbili nimeiona ikiisha siku tatu. Tafuta tu pa kuuweka kabla hujaahidi tarehe.

JavaScript nayo hamtaikwepa, kwa sababu ndiyo lugha ambayo kila kivinjari kinaielewa. Jifunzeni ya kawaida kwanza, React baadaye. Na maktaba mnazozitumia ziwekeni kwenye seva yenu. Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, kurasa zilizokuwa zinavuta fonti na maktaba kutoka ng'ambo zilibaki nyeupe.

Na kuna kazi zisizotaka lugha yoyote. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Mikindani aliniambia ameandikiwa makadirio ya miezi mitatu kwa ajili ya picha za vyumba, bei na namba ya simu. Nilimwekea WordPress, programu ya tovuti iliyo tayari, kabla ya adhuhuri, na alasiri alikuwa anabadilisha bei mwenyewe. Shikamoo zangu kwake zinajibiwa kwa chai mpaka leo.

Folda la mfumo wa kwanza ninalo bado. Mwaka jana nilijaribu kuuwasha nimwonyeshe yule dada, nusu ya vifurushi vikakataa kabisa kuingia. Akaniuliza kama alifute, maana kompyuta imejaa. Nilimwambia aliache kwanza. Kilo 5,248 za yule mzee zimo humo.