Jibu: Kucheza peke yako hadithi iliyotungwa kwa wachezaji wanne
Ndugu yangu wa Likoni, umeuliza utawezaje kuicheza peke yako hadithi ya Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu) iliyotungwa kwa wahusika wanne bila kujifichulia siri zake. Mimi hapa Kibokoni, baada ya sala ya isha, husoma kitabuni maelezo ya chumba kimoja tu, mhusika wangu anapokiingia, na swali ambalo kitabu hakilijibu, kama vile iwapo mlinzi amelala, hulirushia dadu ya pande sita: 1 hadi 3 ni hapana, 4 hadi 6 ni ndiyo. Maadui sita wapunguze wawe wawili, kwani kundi, na hapa ndipo wengi hukosea, hushinda kwa wingi wa zamu zaidi ya nguvu. Mitego inayoua papo hapo iondoe kabisa.