Docta, moyo yangu inaruka sawa sambaza mu kitunga

ULIZO: Docta jambo sana. Niko mama wa miaka 54, nauzisha sambaza, ile samaki kidogo ya ziwa, ku soko ya Kadutu, hapa Bukavu. Ni miezi tatu sasa moyo inanisumbua, inapiga mbio, inasimama kidogo, inaanza tena bila mpango, sawa vile sambaza inarukaruka mu kitunga wakati inatoka tu ku mutumbwi. Nikipanda kilima ya kufika kwetu nasimama mara tatu ine juu pumzi inakatika. Ku farmasi walinipima tansyo (presha ya damu) wakasema 17 juu ya 10, wakanipa vitamini na aspirini. Bajirani banasema ni karuho, sumu ya kurogewa, niende kwa mwenye kutapisha. Bwana yangu anasema ni mawazo. Nifanye nini? — Mama wa Kadutu

JIBU: Mama, pole sana, na asante kwa ile mfano ya sambaza juu inaeleza vizuri kitu tunauliza wagonjwa kila siku: moyo inaenda mbio tu, ao inaenda bila mpango? Moyo ya mtu mzima mwenye amepumzika inapiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika, na inafuatana, sawa mtu anatwanga sombe. Ukipanda kilima ao ukiwa na homa inaongeza mbio lakini kutwanga kunabakia kwa kufuatana. Yako imepoteza hiyo kufuatana.

Leo jioni ukae chini dakika tano, weka vidole viwili ku kifundo ya mkono, chini ya kidole gumba, hesabu dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 na kuzidisha mara ine, juu mapigo yenye kuvurugika itakudanganya. Andika namba, andika na saa, ubebe hiyo karatasi.

Mimi nafikiria fibrilasyo, ni kusema moyo kupiga bila mpango, lakini elektro, kile kipimo cha umeme ya moyo, njo itasema neno la mwisho. Vyumba viwili vya juu vya moyo, badala ya kubana na kusukuma damu, vinatetemeka tu, basi damu inakawia mule, inaganda, kipande kinatoka kinapanda mpaka ku bongo na hapo ni avese, ni kusema kiharusi. Fibrilasyo inaongeza hatari ya avese karibu mara tano. Mama mukubwa yangu alikuwa na moyo ya namna hii, sisi tukamupa chai ya tangawizi na maombi, asubuhi moja kikombe kikamutoka mu mkono wa kuume na hakuweza tena kuita jina yangu. Njo maana nakuambia wiki hii, usingoje mwezi uishe.

Elektro haiumi. Wanakulaza, wanabandika nyaya ku kifua, mikono na miguu, dakika chache imeisha, na haiingize umeme mu mwili yako, inasoma tu umeme ya moyo yako mwenyewe. Kama siku hiyo moyo imetulia, karatasi inaweza kuwa safi kabisa, usirudi nyumbani ukisema nimepona: omba wakupime wakati inakushika, ao kile kifaa cha Holter cha kubeba saa 24. Omba pia ekografi (picha) ya moyo na kipimo cha damu cha tiroide, ile tezi ya shingo, zaidi kama shingo imevimba mbele. Na ukumbuke utoto: ulikuwa na angina (koo kuuma) za kurudi-rudi, magoti yakavimba? Ile inaharibu vali za moyo polepole, na kwetu Afrika tunaiona mingi. Tansyo 17 juu ya 10, kama inarudia hivyo, ni chanzo tosha, nayo itatunzwa. Pombe, kasiksi na kanyanga, uache kwanza.

Kwa mwenye kutapisha usiende, nakuomba. Kutapika sana kunatoa potasiamu mu mwili, na moyo yenye kukosa potasiamu inavurugika zaidi. Aspirini nayo haikingi vizuri hiyo avese na inaweza kufanya damu itoke ku tumbo, uliza munganga kama uiache.

Wakiona ni fibrilasyo watakupa dawa ya kupunguza mbio, na pengine ya kuzuia damu kuganda, warfarini ao Sintrom, yenye kufuatiwa na INR, kipimo cha damu cha kuona inakawia namna gani kuganda. Mara nyingi tunataka kati ya 2 na 3. Hapa wamama wanaogopa kuacha sombe na lengalenga. Usiache, kula kipimo kile kile kila wiki, juu ukikula mingi kwa gafla dawa inapunguka nguvu. Hatari yenyewe ni Flagyl na Bactrim, zile antibiotike za kununua ku farmasi ya kona, zinaongeza nguvu ya hiyo dawa mpaka mtu anatoka damu. Na kabla wakupe kinini, dawa ya malaria, sema moyo yako iko na shida.

Ukizimia, kifua kikiuma, pumzi ikikosa hata umelala, mdomo ukienda upande: hospitali saa ile ile, hata ni usiku.

ULIZO: Niko mwanafunzi wa miaka 22, Nguba. Nikilala moyo inaruka pigo moja halafu inaendelea vizuri. Nakunywa kahawa mingi juu ya egzame.

JIBU: Ndugu, inafanana na ekstrasistole, pigo yenye kuja mbele ya saa yake. Watu wengi wenye moyo nzima wanayo. Lala, punguza kahawa wiki mbili uone. Lakini kama ulishazimia ukicheza mpira, ao kwenu kuna kijana alikufa gafla, fanya elektro mbele ya kurudi uwanjani.