Tumbili hawatibiwi, usugu wa dawa wanautoa wapi?

Dada, pole na kuku. Umeuliza inawezekanaje tumbili wa msitu wa Rau, kule Moshi, ambao hakuna aliyewahi kuwachoma sindano, wabebe bakteria wasiosikia dawa. Inawezekana kabisa, na mara nyingi chanzo ni sisi.

Unapotia tetrasaiklini, yaani antibiotiki, dawa ya kuua bakteria, kwenye maji ya kuku wazima eti kinga, bakteria dhaifu tumboni mwao hufa, sugu hubaki na kuzaana, kisha hutoka na kinyesi. Tumbili anachakura jalalani, anaokota pumba bandani, anakunywa mferejini: keshawabeba. Tena bakteria hupeana vinasaba vya usugu, hata wa jamii tofauti, kwa hiyo wa tumboni mwa tumbili anaweza kuwa sugu bila kuionja dawa hata siku moja. Halafu mnyama huyo anajisaidia kwenye mchicha wako. Hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu anayeula ni mtoto wako.

Usiwategee tumbili sumu, nakusihi. Anza na banda. Acha dawa ya "kinga". Kideri, ule ugonjwa wa kuku, huletwa na kirusi, antibiotiki haikigusi, kinachokinga ni chanjo. Kuku akiugua, mwite daktari wa mifugo, maliza dozi aliyoandika, na umuulize usiuze mayai kwa siku ngapi. Samadi irundike, ifunike ipate moto na kuoza kabla ya kuipeleka bustanini. Taka ziwe na mfuniko. Na yale mabaki ya dawa unayomwaga mferejini, dada, acha leo hii. Walio chini yako wanayachota.