Kwa Wanaoanza Kazi ya Kusimamia Mikoko Pamoja na Wanakijiji

Ndugu mnaoanza kazi ya hifadhi ya ardhioevu katika mwambao wetu, naandika haya nikiwafikiria ninyi mliotoka vyuoni na masomo ya misitu, uvuvi au mazingira, mkapangiwa kijiji msichokijua, na mkapewa lengo la kupanda maelfu ya miche kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Lengo hilo mtalifikia, kwa sababu kupanda mikoko hakuhitaji ujuzi mkubwa. Kinachohitaji ujuzi ni kufikia makubaliano na watu wanaoishi kwa mikoko hiyo juu ya nani atakata nini, wapi, wakati gani, na atapata nini badala ya kile anachoombwa akiache. Pale makubaliano hayo yalipotangulia nimeona msitu ukirudi hata sehemu ambazo hakuna aliyepanda. Pale yalipoahirishwa, miche haikudumu.

Anzeni kwa kujua matumizi. Mtu wa mjini akiutazama mkoko huona mti mmoja, lakini anayeishi pembeni mwake huona bidhaa nyingi na wateja tofauti. Mlilana, aina ya mikoko inayosimama mbele kabisa kuelekea baharini, hutoa mataruma (mbavu) ya mashua. Mkomafi hutafutwa na maseremala. Mkandaa, na ile aina inayoitwa mkoko hasa, huenda kwenye ujenzi, na huuzwa kwa korja, yaani vipande ishirini, vikiwa vimepangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kaeni na mkataji anapopanga mzigo wake ufukweni, mtajifunza mengi kuliko katika kikao. Mtaona kwamba mafungu ya mazio na boriti ndiyo yanayochukuliwa upesi, na kwamba vipande vyake vyote vimenyooka. Kisha ingieni msituni mlikotoka mzigo huo. Kwa mbali, au kwa picha ya setilaiti, msitu unaonekana umefunga vizuri. Ndani yake iliyobaki ni miti iliyopinda, yenye matawi ya chini, isiyomfaa mjenzi. Msitu wa namna hiyo haujatoweka, ila umechaguliwa hadi ukachoka, na mpango wa usimamizi unaopima eneo peke yake hautaliona tatizo hilo.

Baada ya mkataji, mtafuteni mama karanga. Akina mama wanaokaanga samaki na kuwauza hutumia kuni kila siku, na kuni za mikoko hupendwa kwa kuwa moto wake ni mkali na hukaa. Katika vikao vingi mama huyu hayupo, kwa sababu saa ya kikao ndiyo saa ya samaki kuingia. Ikiwa sheria ndogo ya kuni itapitishwa bila yeye, atakuwa mvunja sheria kuanzia kesho yake asubuhi, na si kwa kupenda. Badilisheni saa ya kikao. Hili linaonekana dogo, lakini ninaliweka juu ya mengi ambayo miongozo huyatanguliza.

Wapo pia watumiaji wasioishi kijijini. Msimu wa kaskazi wavuvi wa dago kutoka Pemba huja pwani ya Kenya, hupiga kambi karibu na hori (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu), hupika, hutengeneza vyombo vyao, na kisha huondoka. Sijaona faida ya kuwageuza kuwa maadui. Kikundi cha Usimamizi wa Fukwe, yaani chama cha wavuvi wa ufuko huo, kikiwapokea, kikawaeleza maeneo yaliyofungwa na kikawaonyesha mahali pa kupata kuni, wao hufuata kama wageni wenye adabu. Kikiwanyamazia hadi wakose, kila mti ukikatwa utahesabiwa kuwa wao ndio waliokata, na mkataji wa kijijini atafichika nyuma yao.

Jambo la pili ni maji. Mikoko haipandwi juu ya ramani, hupandwa kwa kufuata bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu) na maji mafu (siku maji yanapojaa kidogo). Mlilana huvumilia kuzamishwa kila maji yanapojaa. Mkoko hutaka matope yanayofikiwa na maji mara kwa mara. Mkandaa husimama nyuma zaidi, na mchu, aina nyingine ya mikoko, una tabia ya kuonekana pande zote mbili, mbele na nyuma, hadi ukingoni mwa wangwa ambako chumvi huua karibu kila kitu kingine. Mradi unaoleta mbegu ndefu za mkoko na kuzichomeka kila mahali, kwa sababu ni rahisi kuokota na hazihitaji kitalu, unapuuza mpangilio huo, na miche mingi hufa. Ikipandwa chini mno kwenye tope tupu la mbele, hukaa ndani ya maji kwa muda mrefu kuliko inavyoweza kustahimili. Ikipandwa kwenye majani ya bahari, huharibu pia malisho ya tasi na kasa, hata kama inadumu, na hapo tutakuwa tumepoteza bioanuwai kwa jina la kuihifadhi.

Kuna mzee mmoja, mkataji wa zamani, aliyenifundisha kusoma mahali kabla ya kuamua. Tulisimama katika uwazi ambao ofisi ilikuwa imeuandika kuwa wa kupandwa mkoko. Hakupima chochote. Aliangalia alama ya tope katika mashina ya jirani, akawatazama konokono wadogo waliokuwa juu ya shina, akageuza udongo kwa kidole cha mguu kuona kama kuna tondo, konokono wakubwa wa matope ya mikoko, kisha akasema, "Mwanangu, hapa maji hufika bamvua tu. Mkoko utakufa kiu. Weka mkandaa, au acha uone mchu utakavyojiotea." Tulizibua kwanza mfereji mdogo uliokuwa umezibwa na njia ya mkokoteni, na mchu ukaota wenyewe. Tangu hapo sikubali mpango wa upandaji ambao haujatembelewa na watu wa namna yake wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu. Mara nyingi uwazi una sababu, na sababu hiyo ikiondolewa, mti hauhitaji mkono wa mtu.

Mtaulizwa mfano ulio hai, na ninawashauri mkajifunze Gazi, katika kaunti ya Kwale. Miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ya Gazi ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwandani, na sehemu nyingine hazikujirudia zenyewe. Kuanzia mwaka 1991 Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, kupitia mtafiti James Kairo na wenzake, ilianza kupanda pamoja na wanakijiji. Biashara ya kaboni (kuuza kiasi cha hewa ya kaboni ambacho msitu umekifyonza) iliyowapatia sifa duniani, yaani Mikoko Pamoja, ilianza mwaka 2013, na mwaka 2017 ikapata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Zingatieni nafasi iliyopo kati ya 1991 na 2013. Wageni wengi huisoma hadithi hii kuanzia mwisho wake, wakadhani fedha za kaboni ndizo zilizowaleta watu pamoja. Ukweli ni kwamba kaboni iliwakuta watu ambao kwa zaidi ya miaka ishirini walikuwa wamepanda, wamehesabu na wamebishana na watafiti hao hao.

Zingatieni pia udogo wake. Mradi unahusu hekta 117 tu, nyingi zikiwa za msitu wa asili, kati ya mamia ya hekta za mikoko zilizoko katika ghuba hiyo, na kiasi kinachouzwa ni takriban tani 3,000 za kaboni dioksidi kwa mwaka. Udogo huo ndio uliowezesha vijiji vya Gazi na Makongeni kuusimamia wenyewe, kuamua barazani kama fedha za mwaka ziende kwenye maji au vitabu vya shule, na kuyaona maji hayo yakitoka. Vilevile walipanda mivinje nchi kavu, ili anayehitaji nguzo na kuni awe na mahali pengine pa kwenda. Sehemu hii ya mivinje haipigwi picha sana, nami naiona kuwa ndiyo nguzo ya mradi wote, kwa kuwa msitu unaolindwa bila kufikiria mahitaji ya mbao na kuni husukuma tu shoka hadi hori la jirani. Vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, vilifuata njia hiyo katika eneo kubwa zaidi, la hekta zipatazo 460.

Kuhusu fedha sina maneno laini. Hesabu zisomwe hadharani, kwa Kiswahili au kwa lugha ya kijiji, na zibandikwe mahali ambapo watu hupita bila kuomba ruhusa. Kenya ilirekebisha sheria yake ya mabadiliko ya tabianchi mwaka 2023, na sasa miradi ya kaboni ya ardhi na misitu inatakiwa kuwa na makubaliano ya maendeleo ya jamii yanayoipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Wanakijiji wajue kifungu hicho kabla ya mfanyabiashara yeyote kufika na mkataba mkononi. Ni wajibu wenu kuwaeleza, na ni wajibu wenu pia kuwaeleza kwamba bei ya kaboni hupanda na kushuka, na kwamba makubaliano yanayosainiwa leo yatawafunga watoto wao.

Makubaliano yenyewe yana njia zake za kisheria. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, kwa hiyo kijiji hakiwezi kuigawa kama shamba lake. Kinachoweza ni kuunda chama cha jamii cha misitu na kutia saini mkataba wa usimamizi na Huduma ya Misitu ya Kenya, kama walivyofanya watu wa Gogoni na Gazi. Safari ya kupata saini hiyo ni ndefu na hukatisha tamaa. Msiiruke. Bila mkataba, mlinzi wa kijiji anayemkamata mkataji hana mamlaka yoyote, na mkataji akijua hilo, heshima ya kamati yote huvunjika siku moja.

Marufuku ya jumla naiogopa. Mwaka 2018 ukataji wa miti katika misitu ya umma ya Kenya ulisimamishwa, na familia za Lamu, kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya nchi, zikajikuta bila kazi waliyoirithi kwa vizazi, ingawa si wao waliosababisha hasira ya uharibifu wa misitu iliyozaa amri ile. Marufuku huweka katika kundi moja mkataji mwenye leseni, anayejua mti upi aache, na mwizi anayekuja usiku na msumeno. Tanzania Bara ina somo lake katika delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko na iliyo ndani ya eneo la Ramsar (ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa) la Rufiji, Mafia na Kilwa lililotangazwa mwaka 2004. Huko mpunga umelimwa ndani ya mikoko kwa miongo mingi, mahali ambapo maji baridi ya mto huosha chumvi; mkulima hufyeka, hulima, magugu yakizidi husogea mbele. Makatazo hayajamwondolea haja ya mchele. Anayetaka kuutunza msitu ule hana budi kuzungumza kuhusu mpunga, mahali unapoweza kubaki na mahali ambapo mchu uachwe urudi.

Kuhesabu ni kazi ya wanakijiji pia. Wafundisheni vijana wachache kupima vipenyo, kuhesabu visiki vibichi na miche inayojiotea katika vipande vilevile vya msitu kila mwaka, na daftari libaki kijijini. Ninyi chukueni nakala. Mwokota kaa na mvuvi wa kamba waulizwe pia walichopata, kwa sababu wao huona mabadiliko ya hori mapema kuliko kipimo chochote chetu.

Limebaki la tabianchi, nalo hunitia wasiwasi kuliko mengine. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi katika hori la Mwache, Mombasa, ukafunika mizizi ya kupumulia na kuua mikoko mingi. Hakuna kamati ya ufukweni ingeweza kuizuia hali hiyo, kwa kuwa udongo ulitoka mashambani juu. Kwa hiyo mkiorodhesha wadau, pandeni mto mkawatafute wakulima wa miteremko, hata kama mradi wenu unaishia kwenye mstari wa maji. Upande wa pili, bahari inapanda, na mikoko huweza kuifuata kwa kusogea nyuma iwapo kuna nafasi. Nafasi hiyo ni wangwa na ukanda wa ardhi ulio nyuma yake, ambao leo unaonekana mtupu na hivyo hugawiwa viwanja, hujengwa kuta na huchimbwa mashimo ya chumvi. Nendeni ofisi ya ardhi ya kaunti au ya wilaya mapema, mkiwa na wazee na viongozi wa kamati, mkaulize ukanda huo umeandikwa jina la nani. Kama bado haujagawiwa, ombeni uingizwe katika mpango wa matumizi ya ardhi ukiwa sehemu ya msitu, na mfuatilie ombi hilo hadi mpango uidhinishwe.